OSTIA: MJI WA WACHUKUZI WALIOILISHA ROMA

Ndugu msomaji, likitajwa jina la Roma ya kale, mawazo ya wengi wetu hukimbilia kwa makaisari waliovaa taji za majani, kwa majeshi yaliyoteka nchi za watu, na kwa uwanja mkubwa ambamo binadamu walichinjana ili wengine wastarehe. Hayo ndiyo tuliyofundishwa shuleni. Ni mara chache mwalimu alituuliza swali dogo: je, watu wote wale walikula nini, na chakula chao kilibebwa na nani?

Jibu la swali hilo haliko katikati ya jiji la Roma. Liko Ostia, bandari ya kale iliyo umbali wa kilometa 25 hivi kutoka Roma. Leo nakualika tutembee huko, tusitafute majumba ya wakubwa, bali tufuate gunia la ngano kutoka merikebuni hadi kwenye jiko la mwoka mikate.

SAFARI YA NUSU SAA

Ukiwa Roma, nenda katika kituo cha Porta San Paolo, karibu na kaburi lenye umbo la piramidi alilojengewa tajiri mmoja aitwaye Cestius. Hapo utapanda garimoshi la kwenda pwani, na baada ya nusu saa hivi utashuka Ostia Antica. Vuka daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara ya magari, na muda si mrefu utafika kwenye lango la magofu.

Jina Ostia limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo, kwa kuwa mji ulijengwa pale Mto Tiber ulipoingia baharini. Usishangae usipoiona bahari yenyewe. Kwa karne nyingi mto umekuwa ukileta mchanga na matope, na leo ufuko uko mbali kwa kiasi cha kilometa 3. Hata mto uliuhama mji huo katika mafuriko makubwa ya mwaka 1557. Mji ulikuwa umekwisha kuachwa zamani na kufunikwa na udongo. Sehemu kubwa unayoiona leo ilifukuliwa kati ya mwaka 1938 na 1942, wakati serikali ya Mussolini ilipotaka kuwaonyesha wageni fahari ya Warumi katika maonyesho ya dunia, ambayo hatimaye hayakufanyika kwa sababu ya vita.

Aliyeamuru mji ufukuliwe alitaka fahari ya watawala. Kilichotoka ardhini ni maghala, vinu, maduka na vyumba vya kupanga.

TUMBO LA MJI MKUU

Kabla hatujaingia ndani zaidi, yatupasa kuelewa kwa nini mji huu ulikuwapo. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Roma ilikuwa na watu wapatao milioni moja. Mashamba yaliyoizunguka hayakuweza kuwalisha. Tangu mwaka 123 kabla ya Kristo, sheria ya Gaius Gracchus iliwapa raia ngano kwa bei nafuu, na mwaka 58 kabla ya Kristo ngano hiyo ikaanza kutolewa bure. Kaisari Augustus aliweka idadi ya wapokeaji kuwa watu 200,000, kila mmoja akipata karibu kilo 33 kwa mwezi. Mgawo huo ulikuwa wa wanaume walio raia. Watumwa hawakuwamo, wala wageni, wala wanawake.

Ngano hiyo ilitoka wapi? Kwanza ilitoka visiwa vya Sicily na Sardinia, kisha kwa wingi zaidi katika bara letu la Afrika. Josephus, mwandishi wa historia wa karne ile, anasema kwamba Afrika ya Kaskazini iliilisha Roma kwa miezi 8 ya mwaka, na Misri kwa miezi 4. Sehemu kubwa ya nafaka hiyo ilitozwa kama kodi. Mkulima wa bonde la Nile alivuna, akapimiwa sehemu ya mfalme, akaiona ikishuka mtoni kwenda kulisha watu asiowajua.

Watawala walijua kwamba kiti chao kiliwekwa juu ya magunia hayo. Mwaka 51, ngano ilipopungua, Kaisari Claudius alizingirwa sokoni na umati wenye njaa, akatupiwa makombo ya mikate na matusi, akaponea chupuchupu kwa mlango wa nyuma. Kaisari huyo ndiye aliyewaahidi wafanyabiashara kwamba merikebu zao zikizama kwa dhoruba za majira ya baridi, hasara ataibeba yeye. Na ndiye aliyeanza, mwaka 42, kuchimba bandari mpya kaskazini ya Ostia. Merikebu kubwa mno iliyokuwa imeileta kutoka Misri ile nguzo ya jiwe inayosimama leo katika uwanja wa Mtakatifu Petro ilizamishwa makusudi ili iwe msingi wa mnara wa taa.

Hata hivyo bahari ina yake. Mwaka 62 dhoruba ilizamisha merikebu zipatazo 200 ndani ya bandari hiyo hiyo. Baadaye Kaisari Trajan aliagiza lichimbwe bwawa la ndani lenye pembe sita, kila upande ukiwa na urefu wa zaidi ya meta 350. Bwawa hilo lipo hata leo, karibu na uwanja wa ndege wa Fiumicino.

UWANJA WA VYAMA VYA KAZI

Sasa tushike barabara kuu ya Ostia, iliyotandikwa mawe meusi ya volkano. Upande wa kulia utayapita mabafu ya Neptune na kambi ya askari wa zimamoto, kisha jumba la michezo ya kuigiza. Nyuma ya jumba hilo kuna uwanja wenye hekalu katikati, na pande zake tatu zimepangwa vyumba vidogo vipatavyo 60. Inama utazame chini, kwa maana hapa habari zimeandikwa sakafuni.

Kwa vijiwe vyeusi na vyeupe, wenye vyumba hivyo walichora kazi zao: merikebu zenye matanga, mnara wa taa, pomboo, pishi la kupimia nafaka. Maandishi yanawataja wenye merikebu wa Karthago, wa Aleksandria, wa Cagliari na wa Narbonne. Wamo pia wasokota kamba, watengeneza ngozi na wasafirishaji wa mbao. Katika chumba kimoja mchukuzi anahamisha mtungi kutoka jahazi la baharini kwenda mashua ya mtoni. Katika kingine amesimama tembo, alama ya wafanyabiashara wa Sabratha, mji ulioko Libya ya leo.

Tembo huyo asikupite bure, ndugu msomaji. Pembe za ndovu walizozipenda matajiri wa Kirumi hazikutoka upande huo tu. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythrae, kinaeleza pwani ya Azania, yaani pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, na soko lake la mwisho lililoitwa Rhapta, kutokana na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Sisi tuliokuwa na mitepe tunavijua vyombo hivyo. Kitabu kinasema pwani ilitoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, nayo ikapokea mashoka, visu na vyombo vya kioo. Kwa hiyo jasho la mwindaji wa huku nalo lilikuwa na njia yake ya kufika katika meza za Roma.

Vyama vya Ostia visichanganywe na vyama vya wafanyakazi tuvijuavyo. Ndani yake wenye merikebu, mafundi na wapima nafaka waliabudu pamoja, walikula karamu, walichangiana na kuzikana. Kudai haki kwa pamoja lilikuwa jambo la hatari. Huko Efeso, katika karne ya pili, waoka mikate walipoleta ghasia, liwali wa Kirumi aliwapiga marufuku kukutana.

KIPANDE CHA MCHUKUZI

Twende sasa kwenye maghala. Moja liko karibu na mahali pa zamani pa mto, na juu ya mlango wake yamechongwa majina ya wenyewe wawili: Epagathus na Epaphroditus. Kwa majina hayo ya Kiyunani, wataalamu wanaamini kwamba walikuwa watumwa waliopata uhuru wao. Mtumwa wa jana aliweza kuwa mwenye ghala leo, na akanunua watumwa wake mwenyewe.

Katika bandari hii kazi iligawanywa sana. Palikuwa na wachukuzi wa magunia, wapakiaji wa mchanga wa kutia uzito merikebuni, wapiga mbizi wa kuokoa mizigo iliyozama, waunda vyombo, wavushaji na wenye matishali. Ngano ilipotoka katika merikebu ya bahari kuu ilihamishiwa katika mashua za mtoni, na mashua hizo zikavutwa kwa kamba, na watu au ng'ombe, kuufuata mto dhidi ya mkondo. Safari ya garimoshi uliyoifanya kwa nusu saa iliwachukua siku 3.

Katika ukumbi wa wapima nafaka kuna picha ya sakafu inayowaonyesha wakiwa kazini. Mpimaji ameshika ubao wake wa kusawazishia, ili kipimo kiwe cha mfuto wala kisiwe cha tele, na mwenzake ameshika kamba ya vijiti vya kuhesabia magunia. Wizi wa vipimo ulikuwa ugonjwa wa bandari hata zama hizo. Mwanzoni mwa karne ya tatu wenye merikebu wa mji wa Arles, katika Ufaransa ya leo, walilalamikia mapunjo katika shehena za serikali, wakatishia kuacha kazi hiyo wasiposikilizwa.

Mchongo mwingine wa jiwe kutoka bandarini unawaonyesha wachukuzi wakishuka ubao wa merikebu, mitungi mabegani. Mbele yao makarani wameketi mezani, na kila mchukuzi apitapo anapewa kitu kidogo mkononi, alama ya mzigo alioubeba. Wazee wetu waliokata mkonge katika siku za wakoloni hawatahitaji kufafanuliwa. Wangekiita kipande.

Sheria ya mwaka 364 iliwapa wachukuzi wa bandari hiyo haki ya peke yao ya kupakua shehena, na mfanyabiashara aliyetumia watu wengine alinyang'anywa sehemu moja ya tano ya mali. Ilikuwa kinga ya kazi yao. Lakini karne hiyo hiyo sheria ziliwafunga waoka mikate na watoto wao katika kazi ya baba, wapende wasipende. Dola iliyohofia kukosa mkate haikumwachia mwoka mikate nafasi ya kuchagua.

NJIA YA PUNDA

Kutoka maghalani tuingie katika kiwanda cha unga na mikate, karibu na ghala kubwa la nafaka. Mawe ya kusagia, yaliyochongwa katika lava ngumu, yangali yamesimama. La chini lina umbo la pia iliyopinduliwa, na la juu limelikalia kama kofia yenye mdomo juu. Ngano ilimiminwa juu, unga ukatoka chini. Waliolizungusha ni punda na nyumbu waliofungwa macho, na mahali pengine watu.

Apuleius, mwandishi wa karne ya pili aliyezaliwa Madauros katika Algeria ya leo, ametuachia maelezo ya watumwa wa kinuni: ngozi zilizojaa alama za mijeledi, herufi zilizochomwa katika vipaji vya nyuso, pingu miguuni, na mwili wote mweupe kwa vumbi la unga. Kitabu chake ni hadithi, lakini mwaka 2023 wafukuaji wa mji wa Pompeii walitangaza kupata kiwanda cha mikate ambacho madirisha yake madogo yalizibwa kwa nondo za chuma na hayakuelekea nje. Humo watu na punda walifungiwa pamoja, na sakafuni mlichongwa mikato ya kuwaongoza wanyama katika mzunguko wao usio na mwisho.

MSHAHARA NA BEI

Aliyekuwa huru alipata ujira. Mwaka 301 Kaisari Diocletian, akipambana na bei zilizokuwa zikipanda kila siku, alitoa amri ya kuweka ukomo wa bei na mishahara katika dola nzima. Kibarua wa shamba, mchota maji na msafisha mifereji walipangiwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Mwoka mikate na seremala walipata 50, mwunda merikebu za baharini 60, na mchora picha za watu 150. Pishi kubwa la kijeshi la ngano liliwekewa dinari 100. Piga hesabu mwenyewe: msafisha mfereji alifanya kazi siku 4 ili anunue pishi hilo moja.

Adhabu ya kuvunja amri ilikuwa kifo. Hata hivyo, bidhaa zilijificha madukani, ulanguzi ukazidi, na amri ikafa.

NYUMBA ZA KUPANGA

Wafanyakazi hawa waliishi wapi? Hatua chache kutoka vinuni liko jengo liitwalo Nyumba ya Diana, la matofali mekundu, lililokuwa na ghorofa tatu au nne. Chini ni maduka, na juu ya kila duka kilikuwa na chumba cha dari kilichopandwa kwa ngazi ya mbao, ambamo mwuzaji alilala na jamaa yake. Vyumba vya ghorofa vilipangishwa. Choo kilikuwa cha wote, na maji yalichotwa uani. Mtaa huo huo una mkahawa wenye kaunta ya marumaru, na ukutani wamechora vyakula vilivyouzwa, ili hata asiyejua kusoma aagize kwa kidole.

Majengo ya kupanga yalianguka mara kwa mara, hata Augustus akaweka ukomo wa meta 20 hivi kwenda juu, na Trajan akaupunguza hadi meta 18. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliandika katika barua ya mwaka 44 kabla ya Kristo kwamba maduka yake mawili ya kupangisha yamebomoka na mengine yana nyufa, na kwamba wapangaji wamehama pamoja na panya. Habari hiyo haikumtia simanzi, maana alikwisha kupata shauri la kuigeuza hasara iwe faida.

WALIOJIANDIKA WENYEWE

Nimemtaja Cicero kwa sababu mwaka huo huo aliandika kitabu kuhusu wajibu wa binadamu, na ndani yake akasema kwamba ujira wa kibarua ni bei ya utumwa wake, na kwamba karakana haina heshima kwa mtu aliyezaliwa huru. Hayo ndiyo mawazo ya mabwana waliokula mkate bila kujua gunia lina uzito gani.

Lakini Ostia ilijibu. Kati ya mji na bandari mpya kuna makaburi ya Isola Sacra, zaidi ya 200, waliyojijengea wenyeji. Mbele ya makaburi mengine wamebandika picha za udongo wa kuchoma. Mkunga Scribonia Attice anaonekana ameketi mbele ya mwanamke mwenye uchungu, na picha nyingine inamwonyesha mganga akitibu mguu wa mgonjwa. Mganga huyo ni mumewe. Mwingine amechorwa pamoja na visu na zana alizofua. Yuko na mwenye kinu, na mnyama wake analizungusha jiwe. Katika mchongo mwingine wa Ostia mwanamke anauza kuku sokoni, na nyani wawili wameketi mezani pake kuvuta wateja. Watu hawa hawakuona haya ya kazi. Walitaka wapitao njiani wawajue kwa kazi hiyo hata baada ya kufa.

Si wote waliojiweza. Mtumwa wa kinuni hakujengewa kaburi la picha. Huyo itakubidi umsome katika jiwe lililolika na katika njia ya duara iliyochimbika.

Kuna picha moja ya rangi iliyotolewa katika kaburi la Ostia, ambayo sasa imehifadhiwa Vatican. Inaonyesha mashua iitwayo Isis Giminiana ikipakiwa ngano. Nahodha Farnaces yuko kwenye usukani. Wachukuzi wanapanda ubao, migongo imepinda, na mmoja anamimina ngano katika pishi. Mwenzao ameketi ameinua mkono, na karibu naye mchoraji ameandika neno moja la Kilatini. Maana yake kwa Kiswahili ni hii: nimefanya.